Vita Visivyo na Bajeti: Walanguzi, Ndege za Mizigo na Fedha za Siri, kutoka Nicaragua hadi Ziwa Victoria

Vita vya siri, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni vita ambavyo serikali moja huviendesha ndani ya nchi nyingine kwa kuwalipa, kuwafunza na kuwaelekeza wapiganaji, huku ikikana hadharani kwamba ina mkono wowote humo. Ukanaji huo kwa kawaida haumlengi adui, kwa sababu anayeshambuliwa hujua vizuri sana anashambuliwa na nani. Unawalenga wabunge, wakaguzi wa hesabu na walipa kodi wa nchi inayopigana, na ndiyo maana tatizo la kwanza la vita vya namna hii huwa la kihasibu kabla ya kuwa la kijeshi. Risasi hununuliwa, ndege hukodiwa, marubani hudai chao kila baada ya safari, na wapiganaji walioko porini hula kila siku, lakini hakuna fungu la bajeti linaloweza kuandikwa jina la matumizi hayo. Serikali iliyojiingiza katika hali hiyo hulazimika kuwaendea watu ambao tayari wana ndege zisizoulizwa zinakotoka, viwanja visivyo na afisa forodha na fedha taslimu zisizo na ankara, na watu wenye sifa hizo popote duniani ni walanguzi, yaani wafanyabiashara wa magendo makubwa: wa dawa za kulevya pale zinapolimwa, na wa pembe za ndovu, almasi, dhahabu au koltani pale ambapo hizo ndizo mali.

Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba kinachomuunganisha mlanguzi na ofisa usalama ni usafiri kwanza, na fedha baadaye. Wengi huliendea jambo hili kwa kutafuta hati moja yenye sahihi ya mkubwa akiagiza shehena ya kokeini au dhahabu iuzwe ili waasi wapate mshahara. Wakiikosa, nusu yao husema imefichwa na nusu husema hakuna ushahidi. Kumbukumbu za mabunge, tume na mahakama zinaonyesha kitu cha kawaida zaidi, nacho ni ndege ileile, rubani yuleyule na kampuni ileile ikilipwa mara mbili, kwa sababu ndege iliyopeleka bunduki lazima irudi, na kurudi tupu ni hasara ambayo hakuna mwenye ndege anayeikubali. Mkazi wa Kirumba jijini Mwanza, aliyezoea kuona lori lililoshusha mzigo likihangaika hadi lipate mzigo wa kurudia, hana haja ya kufundishwa hesabu hiyo.

Kisa kilichochunguzwa kwa kina kuliko vingine ni cha Nicaragua. Baada ya wapiganaji wa Sandinista kumwangusha dikteta Anastasio Somoza Julai 1979, Rais Ronald Reagan wa Marekani aliidhinisha, mwishoni mwa 1981, mpango wa shirika la ujasusi la nchi yake, CIA, kuwasaidia waasi walioitwa Contra, ambao kambi zao zilikuwa Honduras upande wa kaskazini na Costa Rica upande wa kusini. Bunge la Marekani halikupendezwa, na kupitia vifungu vilivyopewa jina la mbunge Edward Boland lilibana matumizi hayo Desemba 1982, kisha Oktoba 1984 likayakata kabisa. Vita havikusimama. Viliendelea kutoka ofisi za Baraza la Usalama wa Taifa, chombo kinachomshauri rais, chini ya usimamizi wa Luteni Kanali Oliver North, kwa michango iliyoombwa kwa wafalme na matajiri wa nje na kwa faida ya makombora yaliyouzwa kwa siri kwa Iran, nchi ambayo Marekani yenyewe ilikuwa ikiwahimiza marafiki zake wasiiuzie silaha.

Tarehe 5 Oktoba 1986 ndege ya mizigo aina ya C-123 ilidunguliwa ndani ya Nicaragua ikiwa na silaha za Contra, na Eugene Hasenfus, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma mizigo nje ya mlango ikiwa angani, aliruka kwa mwavuli na kukamatwa akiwa hai. Kunusurika kwake ndiko kulikoufumua mpango mzima, lakini kwa mada hii cha kutazama zaidi ni ganda la ndege yenyewe. Miaka miwili kabla, ndege hiyohiyo ilikuwa ya Barry Seal, mlanguzi wa kokeini kutoka Louisiana aliyekuwa amegeuka mtoa habari wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, na aliyeuawa kwa risasi mjini Baton Rouge Februari 1986. Haihitajiki njama yoyote kubwa kueleza jinsi ndege ya mlanguzi ilivyoishia mikononi mwa wapeleka silaha: soko la ndege kuukuu zenye mlango mpana wa nyuma, zinazoweza kutua kwenye uwanja wa udongo na zisizo na mwenyewe anayejulikana, ni dogo, na wanunuzi wake ni walewale.

Aprili 1989 kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na John Kerry ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kupitia ofisi iliyoundwa kuwapelekea Contra chakula, nguo na dawa, ililipa zaidi ya dola 806,000 kwa kampuni nne zilizomilikiwa au kuendeshwa na walanguzi wa dawa za kulevya. Moja ilikuwa SETCO, kampuni ya ndege iliyohusishwa na Juan Matta Ballesteros wa Honduras, ambaye forodha ya Marekani ilikuwa na habari zake tangu 1983. Nyingine inawahusu watu wa Mwanza kwa namna ya pekee, kwa kuwa ilikuwa kampuni ya samaki. Frigoríficos de Puntarenas ilisajiliwa kwenye pwani ya Costa Rica kama msafirishaji wa kamba na mazao mengine ya bahari yaliyogandishwa kwenda Miami, na kwa ushahidi uliotolewa mbele ya kamati hiyo, ilianzishwa ili kusafisha fedha za kokeini, yaani kuzipitisha katika biashara halali mpaka zionekane mapato ya kawaida. Kampuni hiyo ya kamba ililipwa zaidi ya dola 260,000 za misaada ya kibinadamu. Wizara haikulazimika kujua kilichokuwamo ndani ya majokofu. Ilihitaji kampuni yenye akaunti ya benki, mizigo inayovuka mpaka kila wiki na wenyewe wasiouliza maswali, na kampuni ya samaki, ambao hakuna ofisa anayethubutu kuwachelewesha juani, hutimiza masharti yote.

Hati moja ndogo ina uzito zaidi kuliko ripoti zote. Mapema 1982 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, William French Smith, na mkurugenzi wa CIA, William Casey, walibadilishana barua zilizoweka utaratibu wa makosa yapi shirika hilo linatakiwa kuripoti kwa vyombo vya sheria, na katika utaratibu huo makosa ya dawa za kulevya yanayotendwa na watu wasio waajiriwa wa CIA, yaani mawakala, marubani wa kukodi na makandarasi, hayakuwekwa katika orodha ya yanayolazimika kuripotiwa. Utaratibu huo ulidumu hadi 1995. Mtu anayetaka kuuelewa uhusiano wa vita vya siri na walanguzi angeanza hapo, kwa sababu barua hizo hazikumwamuru mtu yeyote auze kokeini. Ziliwaondolea tu watu fulani wajibu wa kuona.

Agosti 1996 mwandishi Gary Webb wa gazeti la San Jose Mercury News alichapisha mfululizo wa makala uliofuatilia kokeini ya Wanicaragua wawili waliokuwa karibu na Contra, Danilo Blandón na Norwin Meneses, hadi katika mitaa ya watu weusi ya Los Angeles. Magazeti makubwa yalimshambulia kwa nguvu nyingi kuliko yalivyowahi kuishambulia ripoti ya Kerry, na ubishi ukageuka kuwa swali moja: je, CIA iliiuzia kokeini jamii ya watu weusi kwa makusudi? Kwa swali hilo jibu ni hapana, na mkaguzi wa ndani wa CIA, Frederick Hitz, aliposema hivyo katika ripoti zake za 1998 wengi walifunga faili. Lakini ripoti hizohizo zilikiri kwamba shirika liliendelea kufanya kazi na watu na kampuni zilizotuhumiwa kwa ulanguzi bila kuvunja uhusiano, nazo ndizo zilizozianika barua za 1982. Swali kubwa mno liliulizwa ili jibu dogo lipite, na namna hiyo ya kubishana ingejitokeza tena Mwanza miaka kumi baadaye.

Afrika haikusubiri mfano wa Nicaragua. Tume ya Jaji Mark Kumleben, iliyoteuliwa Afrika Kusini na kutoa ripoti Januari 1996, ilithibitisha kwamba idara ya ujasusi wa kijeshi ya utawala wa makaburu ilihusika na magendo ya pembe za ndovu kutoka Angola kupitia Namibia, katika miaka ambayo jeshi hilo lilikuwa likimsaidia Jonas Savimbi na waasi wake wa UNITA. Kampuni iliyotumika, Frama Inter-Trading, ilipeleka mahitaji kwa waasi kwa malori, na malori hayo yalirudi na pembe na magogo ya mbao za thamani. Aliyepiga kelele kwanza hakuwa mpinzani wa vita. Alikuwa Kanali Jan Breytenbach, mwasisi wa Kikosi cha 32 kilichopigana Angola, aliyeudhika kuona tembo wa Caprivi, nchini Namibia, wakimalizwa. Huko Asia, vita ambavyo CIA ilivifadhili dhidi ya Wasovieti nchini Afghanistan kuanzia 1979 vilipitia mikononi mwa ujasusi wa Pakistan, na watafiti kadhaa wameeleza malori ya jeshi la Pakistan yaliyopandisha silaha kutoka Karachi hadi mpakani na kushuka na heroini. Sehemu ya unga huo, njia zilipokomaa, ilianza kushushwa na majahazi kwenye mwambao wa Waswahili, na wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja hawahitaji kuelezwa matokeo yake. Aprili 2014 manowari moja ya Australia ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini ndani ya jahazi nje ya pwani ya Kenya.

Mwanza iliingia katika mjadala huu kwa mlango wa sangara. Samaki huyo, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, alikuja kuwa biashara ya kimataifa viwanda vya minofu vilipojengwa mjini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Minofu mibichi iliyowekwa kwenye barafu haina subira, hivyo ilihitaji ndege, na iliyoonekana mara nyingi uwanjani ilikuwa Ilyushin 76, ndege ya Kisovieti iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi: tumbo lake hubeba tani 40 na zaidi, mlango wake wa nyuma hushuka kama daraja mpaka chini, magurudumu yake mengi yanaistahimilisha kwenye viwanja vya changarawe, na ndani yake mna winchi za kupandishia mizigo, kiasi kwamba inaweza kupakia na kupakua mahali pasipo na mtambo wowote. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, ndege hizo ziliingia sokoni kwa bei ya kutupa, pamoja na marubani wazoefu ambao mishahara yao ilikuwa imeyeyuka.

Filamu ya Hubert Sauper kutoka Austria, iliyotoka mwaka 2004 kwa jina linalomaanisha Jinamizi la Darwin, iliuliza swali ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angeuliza: ndege inayokuja Mwanza kuchukua samaki, inakuja na nini? Sauper alieleza kwamba wazo lilimjia mwaka 1997 alipoziona ndege mbili uwanjani, moja imeleta njegere za manjano za msaada kwa wakimbizi na nyingine inaondoka na minofu ya sangara kwenda Ulaya. Filamu ilipopendekezwa kwa tuzo ya Oscar mwaka 2006, serikali ilikasirika; Rais Jakaya Kikwete aliilaani katika hotuba yake ya mwisho wa Julai mwaka huo, Agosti kukafanyika maandamano mjini Mwanza ya kuipinga, na mwandishi wa habari wa hapahapa aliyeonekana ndani ya filamu hiyo akasumbuliwa. Sehemu kubwa ya hasira iliangukia mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, na picha za umaskini, mambo ambayo Watanzania walikuwa na haki ya kuyabishia.

Kuhusu silaha, hata hivyo, ubishi ulifanyika vibaya na pande zote. Filamu haionyeshi sanduku moja la bunduki likishushwa Mwanza. Ushahidi wake mzito ni maneno ya mhandisi mmoja wa ndege anayekiri kwamba aliwahi kupeleka zana nzito Angola na kutoka huko akaenda Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya. Waliomtetea Sauper waliyachukua maneno hayo kama uthibitisho juu ya Mwanza; waliompinga walisema kwa kuwa hakuna bunduki iliyoonekana Mwanza basi hakuna jambo. Wote walikuwa wakiukodolea macho uwanja mmoja, ilhali mhandisi yule alikuwa ameeleza mzunguko: silaha hushuka mahali pamoja, matunda au samaki hupakiwa mahali pengine, na katikati kuna safari fupi tupu ambayo haimvutii mtu. Serikali ya Tanzania ingeweza kujibu filamu nzima kwa kuchapisha orodha za safari, yaani kila Ilyushin iliyotua Mwanza katika miaka hiyo, namba yake ya usajili, ilikoruka kabla ya kufika na ilichoandikisha kubeba. Jibu la maandamano lilikuwa rahisi zaidi.

Karatasi katika biashara hii hazina budi kuelezwa kidogo, maana ndizo silaha yenyewe. Mnunuzi wa silaha hutakiwa kutoa hati ya mtumiaji wa mwisho, ambamo serikali fulani inatamka kwamba mzigo ni kwa jeshi lake na hautahamishiwa kwa mwingine. Juni 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likiwa limeshaweka marufuku ya silaha tangu Mei 17, Kanali Théoneste Bagosora wa Rwanda alifika Shelisheli na hati ya namna hiyo yenye jina la Zaire. Huko kulikuwa na ghala la silaha zilizokamatwa mwaka 1993 ndani ya meli Malo, iliyokuwa ikielekea Somalia, na takriban tani 80 zilipandishwa ndege kwa safari mbili hadi Goma, hatua chache kutoka mpaka wa Gisenyi, ambako zilichukuliwa na jeshi la Rwanda. Serikali ya Shelisheli ilizuia safari ya tatu ilipoanza kushtuka. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 1995 iliweza kueleza kisa hiki kwa sababu kila hatua iliacha karatasi: hati, malipo ya benki, kibali cha ndege kutua. Karatasi zilikuwa sahihi kwa umbo, na hakuna aliyezisoma kwa wakati.

Vita vya pili vya Kongo, vilivyoanza Agosti 1998, ndivyo vinavyokaribia zaidi mfano wa Nicaragua katika kanda hii, ingawa badala ya kokeini palikuwa na koltani, madini ya kutengenezea vifaa vya simu na kompyuta, pamoja na dhahabu, almasi na mbao. Rwanda na Uganda zilituma majeshi na kuwalea waasi, wa RCD na wa MLC, zikieleza kwamba zinajilinda dhidi ya wauaji waliokimbilia Kongo. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli kwa sehemu, jambo ambalo wakosoaji wa nchi hizo hupenda kulisahau. Lakini wafadhili wa bajeti za Kigali na Kampala hawakutaka kuona matumizi ya kijeshi yakipanda, na hivyo vita vikabidi vijilipie. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililotoa ripoti Aprili 2001 lilikadiria kwamba jeshi la Rwanda lilijipatia angalau dola milioni 250 kwa koltani katika miezi 18, wakati bei ya madini hayo ilipoumuka mwaka 2000. Upande wa Uganda, jopo lilinukuu takwimu ambazo mtoto wa shule angezitilia shaka: mwaka 2000 nchi iliuza nje karibu tani 11 za dhahabu, huku uzalishaji wake rasmi ukiwa kilo zisizozidi tano. Ripoti iliyofuata, ya Oktoba 2002 chini ya balozi Mahmoud Kassem, ilitumia maneno mitandao ya wakubwa kwa kikundi kidogo cha maofisa, wanasiasa na wafanyabiashara wanaoshirikiana kiasi kwamba jeshi huondoka na mtandao hubaki.

Ukaribu na kisa cha kampuni ya kamba unaonekana Entebbe. Ndege nyingi zilizopeleka askari wa Uganda Bunia na Kisangani ziliruka kutoka upande wa jeshi wa uwanja huo, ambako forodha haikuwa na nguvu, na zilibeba pamoja na askari wafanyabiashara wenye bia, sabuni na vitenge, kisha zikarudi na mali ya Kongo. Tume ya Jaji David Porter, iliyoundwa na Uganda yenyewe Mei 2001, iliikingia serikali kifua lakini ikawaumbua maofisa, akiwemo Jenerali James Kazini. Miongoni mwa waliokodisha ndege katika vita hivyo jopo lilimtaja Viktor Bout, Mrusi aliyekuwa na makao yake Sharjah, katika Falme za Kiarabu, na ambaye ndege zake zilibadilisha usajili kutoka Liberia kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati au Guinea ya Ikweta kila mara mamlaka moja ilipoanza kuuliza maswali. Bout hakuwa na itikadi. Ndege zake zilipeleka silaha, askari wa kulinda amani, kuku waliogandishwa na maua, kwa yeyote aliyelipa.

Dhahabu ina urahisi ambao kokeini haina: ikishayeyushwa haina asili. Mfanyabiashara wa Butembo au Bunia huinunua kwa wachimbaji wadogo, huivusha mpaka ikiwa mwilini au ndani ya gari, na Kampala hupata karatasi za Uganda, kisha hupanda ndege ya abiria kwenda Dubai ikiwa mzigo wa mkononi. Kanda ya Ziwa upande wa Tanzania ina njia zake, na si zote zinahusu vita. Julai 2019 Kenya iliirudishia Tanzania zaidi ya kilo 35 za dhahabu zilizotoroshwa kutoka Mwanza na kukamatwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi Februari 2018, magendo ya kawaida ya kukwepa kodi. Lakini njia haibagui: iliyozoeshwa kumpitisha mkwepa kodi itampitisha na mwenye jeshi, na anayenunua kilo moja sokoni Dubai hawezi kuzitofautisha.

Walipa kodi wa vita vya Kongo wamo pia miongoni mwa watu wa kawaida, na hapo ndipo Kirumba inapoingia bila kutaka. Mwalo wake ni soko kuu la dagaa na kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, na wanunuzi wakubwa wa kayabo ni Wakongo, ambao hufunga marobota na kuyapeleka magharibi kupitia Rwanda, Burundi au Uganda. Ndani ya Kivu, mashariki mwa Kongo, mzigo hukutana na vizuizi vya barabarani, ambavyo Wakongo huviita bariere. Utafiti uliochapishwa 2017 ulihesabu 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, vingine vya jeshi la serikali na vingine vya makundi ya waasi, na katika vyote kinachopita hulipa. Mwenye robota la kayabo si mlanguzi, na hakuna haki ya kumwita hivyo, ila sehemu ya bei anayoilipa mlaji wa Butembo kwa samaki wa Mwanza huishia katika mfuko wa mwenye bunduki. Nicaragua haikuwa na kitu cha namna hiyo, na katika hili kanda ya Maziwa Makuu imevuka mfano wake: hapa vita havimhitaji mlanguzi mkubwa peke yake, vinakula pia kwenye biashara halali ya chakula.

Utaratibu haujabadilika sana. Kundi la waasi la M23, lililorudi vitani Kongo mwishoni mwa 2021, lilichukua machimbo ya koltani ya Rubaya Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba tozo zake huko zilifikia kama dola 800,000 kwa mwezi, huku madini yakivushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Wataalamu haohao waliripoti Julai 2024 kuwepo kwa wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo. Kigali imekuwa ikizungumzia hatua za kujilinda. Mwishoni mwa Juni 2024 kundi hilo liliuteka mji wa wilaya ya Lubero unaoitwa Kirumba, jina lilelile la mwalo wa Mwanza, kisha Januari 2025 likaiteka Goma. Machi 2025 Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo kampuni ya kusafisha dhahabu ya Gasabo mjini Kigali, kwa maelezo kwamba ilipokea dhahabu ya maeneo yaliyotekwa.

Mahakama zimefanya kazi kwa mwendo wake. Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliihukumu Marekani katika kesi ya Nicaragua tarehe 27 Juni 1986, na Marekani haikulipa. Mahakama hiyohiyo, ikitumia kwa kiasi kikubwa ushahidi uliokusanywa na Tume ya Porter, iliikuta Uganda na hatia dhidi ya Kongo tarehe 19 Desemba 2005, na baada ya miaka mingine 16 ikaweka fidia ya dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa maliasili zilizoporwa, zilipwe kwa awamu tano kuanzia Septemba 2022. Hukumu hizo zinahusu mataifa. Wabebaji hawamo. Bout alikamatwa Bangkok Machi 2008 katika mtego wa watoa habari wa DEA waliojifanya wawakilishi wa FARC, waasi wa Kolombia waliojiendesha kwa fedha za kokeini, akahukumiwa New York kifungo cha miaka 25 kwa makubaliano ya kuwauzia silaha watu ambao kwa kweli walikuwa wakiitumikia DEA. Safari za Kisangani na Goma hazikuwemo katika mashtaka. Desemba 2022 alibadilishwa na mcheza mpira wa kikapu Brittney Griner, aliyekuwa amefungwa Urusi kwa kukutwa na mafuta kidogo ya bangi, na Septemba 2023 akachaguliwa kuwa mjumbe wa bunge la mkoa wa Ulyanovsk, ambako ndiko kilipo kiwanda kinachounda Ilyushin 76 mpya.